Kwenye Benchi la Prefe

Prefe alizaliwa kijiji gani na baba yake alikuwa nani, hayo waulizeni wengine. Mimi nitasema nilichokiona kwa macho yangu: mzee yule alikuwa anafunga tai kabla ya kukaa mbele ya gemu. Tai ya bluu yenye mistari, shati limepigwa pasi ya makaa, viatu vimepakwa rangi, yote hayo ndani ya banda langu la mabati pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi, ambapo wengine wote walikuja na kandambili na bukta. Akicheza na timu ndogo, tai. Akicheza na timu kubwa, tai na koti. Siku aliyofungwa saba bila alifungua kifungo kimoja cha shati, na banda zima likageuka kumtazama, maana hatukuwahi kuiona shingo yake.

Prefe si jina lake, ni kazi. Kwetu Kongo prefe ni mkuu wa shule ya sekondari, na yeye alikuwa mkuu wa shule moja kule Uvira kabla vita haijatutawanya. Shule ilibaki, yeye akaja Malawi na cheo chake mfukoni. Hakuna aliyethubutu kumvua. Wauza nyanya walimwita Prefe, wachungaji walimwita Prefe, na vijana wa Kimalawi wa kabaza, wanaobeba watu kwenye baiskeli, walimwita Prefe bila kujua ni mnyama gani. Hata mke wake alikuwa anaita kutoka jikoni, "Prefe, njo ukule!"

Banda langu lilikuwa la kuchaji simu. Nilikuwa na sola juu ya paa, meza moja, benchi mbili, na kompyuta moja ya kukunja yenye gemu ya kocha. Hii si ile gemu ya kupiga mpira kwa vidole. Hapa hupigi mpira hata kidogo. Wewe ni kocha: unasajili wachezaji, unawapanga ubaoni, unawaambia nani akabe na nani apande, kisha unaweka mikono mapajani na kutazama wanavyokuaibisha.

Alikuja mara ya kwanza kunifokea. Baraza lake, alipokuwa anafundisha Kifaransa, lilipakana na ukuta wangu, na kelele za "goli!" zilikuwa zinaingia katikati ya vitenzi vyake. Akatokea mlangoni na chaki mkononi. Alifungua mdomo, ila jicho likaenda kwenye kioo, ambako duara kumi na moja zilikuwa zimepangwa kwenye ubao wa kijani.

"Nani amepanga hii darasa?" akauliza.

"Si darasa, Prefe. Ni timu."

Akagusa kioo kwa chaki, akaniachia doa jeupe. "Huyu wa mbele iko na miaka ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Na huyu wa nyuma kabisa?"

"Thelathini na tatu."

Akanitazama kama amekuta mtoto amekalia kiti cha mgeni. "Munaweka mukubwa nyuma, mutoto mbele? Mulilelewa wapi, nyinyi?" Akavuta benchi. "Sogea. Nionyeshe namna ya kubapanga."

Hakutoka. Wanafunzi wake walimngoja barazani mpaka wakachoka, wakaenda zao. Chai yake ilipopoa, binti yake, Furaha, aliyekuwa anashona nguo na kuziuza soko la Mponela, alikuja kumwita. Aliinama mlangoni, akacheka kuona baba yake amekunja uso mbele ya duara, kisha akanitazama mimi na kuniuliza, "Umemupa nini huyu?" Siku ile gemu ilinipa mambo mawili kwa mpigo, mteja na ugonjwa wa moyo.

Taktiki ya Prefe ilikuwa moja, na malaika asingemtoa humo. Wakubwa wanakaa mbele. Kanisani wazee wako mbele, harusini wazee wako mbele, iweje uwanjani wawe nyuma? "Mutoto njo anatumwa," alitufundisha kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambacho 'ndiye' ni njo, huku anavuta duara kwa kidole kimoja. "Anakaa nyuma, anatafuta mupira, akiupata anauleta mbele, anamupa mukubwa kwa mikono mbili."

"Ni mpira wa miguu, Prefe," nikasema.

"Kwa miguu mbili, basi."

Kwa hiyo washambuliaji wake walikuwa watu wa kustaafu, na mabeki wake watoto walioota ndevu juzi. Mpira ulikuwa unapelekwa mbele kwa adabu zote, unafika, haumkuti mtu. Wale wazee walikuwa bado wanakuja. Nyuma nako vitoto vilikuwa vinaburuzwa na kila mshambuliaji aliyepita. Tulikuwa tunafungwa mabao ambayo hata kompyuta iliona haya kuyarudia.

Na kubadilisha mchezaji? Weee! Mkubwa hatolewi uwanjani mbele ya watu. Mtu akiwa amechoka hoi, mstari wake wa nguvu umegeuka mwekundu, Prefe alikuwa anamtoa mdogo kuliko wote ili mkubwa apate nafasi ya kupumua. Siku moja alimtoa kijana aliyetoka kufunga mabao mawili. Banda likapiga kelele. Prefe akageuka, akavua miwani. "Amefunga, amefurahi, akae chini asije akajivuna. Disiplini kwanza, magoli itafuata." Magoli hayakufuata. Tulifungwa matatu kwa mawili.

Gemu ile ina kocha msaidizi anayekuandikia ushauri. Wetu alikuwa kijana mwenye bidii, kila asubuhi anaandika: kocha, mshambuliaji wako hana mbio, kocha, angalia umri. Prefe alivumilia wiki mbili. "Huyu adjoint hana kazi ingine?" akasema. "Mi wakati nilikuwa adjoint, nilikuwa nasema bonjour na nanyamaza." Akamfukuza, asiweke mwingine.

Mazoezi aliyafanya adhabu. Timu ikifungwa, wote mazoezi magumu, asubuhi na jioni, mpaka wakaanza kuumia mmoja baada ya mwingine. Hapo nikamwona Prefe wa pili, ambaye kule shuleni nadhani alimficha. Kila alipoingia bandani, kabla ya kitu chochote, alifungua ukurasa wa majeruhi na kuwapitia mmoja mmoja. "Pole, mwanangu. Goti iko namna gani? Kunywa maji." Nilimwambia hawasikii. "Wagonjwa wengi habasikii," akajibu, "na tunabasalimia."

Lakini msidhani alikiri kwamba anacheza. Kanisani aliwaambia wazee wenzake kwamba anaingia bandani kwangu kukagua, ili vijana wasipotee. Wazazi waliomletea watoto kujifunza Kifaransa aliwaonya kabisa kuhusu gemu, kwamba inakula akili, kisha anaaga na kuja kwangu kwa mlango wa nyuma. Jumapili ndiyo ilikuwa balaa. Jumapili Mkristo hachezi. Lakini baada ya ibada, Biblia ingali kwapani, alikuwa anakuja kupanga timu. Alisogeza duara hadi sola ikaishiwa, bila kubonyeza mechi.

"Prefe, leo si Jumapili?"

"Kupanga haiko kucheza. Na Mungu alipanga mbele ya kuumba."

Sasa niwaambie kuhusu majina, maana hapo ndipo mambo yangu yalipoingia. Gemu inakuruhusu kubadilisha majina ya wachezaji. Prefe alipojua hilo alifuta majina yote ya Wazungu, akaweka watu wake wa Uvira. Golikipa alikuwa ekonome, mtunza fedha wa shule. "Miaka yote, hakuna kitu ilipita mu mukono ya yule mutu, hata mushahara yetu." Kiungo wa kati alikuwa mwalimu wa nidhamu. Winga wa kushoto alikuwa mwalimu wa hesabu, kwa sababu alikuwa hodari wa kutoroka. Na mbele kabisa, pekee yake kwenye ncha ya timu, nahodha, aliweka jina moja: Yaya. Msomaji wa pwani asifikirie mlezi wa watoto. Kwetu yaya ni ndugu yako mkubwa. Huyu alikuwa kaka yake wa kweli, aliyebaki kule milimani Fizi na ng'ombe wachache na mashamba ya mihogo, akakataa kukimbia. Simu yake ilikuwa haipatikani kwa miaka. Prefe alikuwa anaipiga kila Jumamosi, anasikiliza yule mama wa kwenye mashine, anasema "merci," anakata.

Yaya wa gemu alikuwa na miaka thelathini na saba, na mbio za mtu aliyebeba gunia la mahindi. Alianza kila mechi na akamaliza kila mechi. Kwa misimu yote ile namkumbuka na bao moja, la kugongwa na mpira mgongoni. Prefe alisimama, akavaa koti, akatupa mikono bandani kote kama siku ya Pasaka.

Na mimi? Mimi nilikuwa benchi.

Ilikuwa hivi. Mambo yangu na Furaha yalijulikana. Dzaleka hakuna siri, nyumba zimebanana, ukikohoa jirani anakwambia pole. Siku moja nikafungua kompyuta asubuhi, nikakuta yule kijana wetu wa akiba, winga wa miaka ishirini, mwenye mbio kuliko wote kwenye timu, amebadilishwa jina. Ameandikwa Elia. Elia ni mimi. Moyo ukaruka. Nikakimbia hadi kwa Furaha na sindano iko mdomoni mwake.

"Baba yako ameniweka kwenye timu!"

Akatoa sindano. "Wapi?"

"Benchi."

"Basi ni vizuri. Kuna bengine hata hakubasajili."

Niliona ni jambo la wiki moja. Nilikaa benchi msimu huo, nikakaa na uliofuata. Nikakaa miaka minne, jamani. Nilikuwa nawasha kompyuta ile kila asubuhi kwa mikono yangu, nafuta vumbi kwenye kioo, namfungulia mzee ukurasa wa kikosi, na kila siku yeye ananipita kama muuza karanga. Banda zima lilijua hesabu ilivyo: siku Elia ataingia uwanjani, ndiyo siku ataoa. Wateja walikuwa wananitetea kwa sauti. "Prefe, muweke Elia! Tumefungwa tayari!" Yeye anazungusha kidole kwenye kipanya. "Elia iko na mbio mingi. Mutu wa mbio, kesho anakimbia na kumuacha bibi yake."

"Sijakimbia, Prefe," nilisema siku moja, hasira imenifika hapa. "Miaka yote nimekaa hapa hapa. Umeniona naenda wapi?"

"Njo maana naendelea kukuangalia," akasema. "Fungua mechi."

Nikatuma wazee. Ndivyo inavyofanyika, huendi mwenyewe. Mjomba wangu alivaa suti ya ndugu yake, akachukua mchungaji mmoja na wakapiga hodi. Prefe aliwakaribisha vizuri sana, akawapa Fanta, akawasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nimesikia. Mutoto wenu iko benchi. Anangoja zamu." Mjomba akauliza benchi gani, maana kwetu hakuna benchi ila la kanisa. Prefe hakueleza. Alivaa koti, akawaongoza wote wawili hadi bandani, akafungua ukurasa wa kikosi na kuonyesha chini kabisa.

Mjomba akasogeza uso hadi pua ikagusa kioo. Gemu ilikuwa haina picha ya yule kijana, ni kivuli cha kijivu tu.

"Huyu njo mutoto wetu?"

"Njo yeye."

"Mbona hana uso?"

"Bado hajacheza," Prefe akasema.

Mjomba alirudi nyumbani akaniambia nitafute mwanamke Madisi, kule hakuna kompyuta. Nilikataa. Nilikuwa namtaka Furaha na si mwingine, na nasema hivyo bila aibu. Usiku nilikuwa nalala naona lile benchi.

Basi msimu wa tano ukafika mwisho wake. Ilibaki mechi moja. Tukipata sare tunabaki daraja letu, tukifungwa tunashuka. Nikamwona Prefe anafungua barua za gemu, anasoma, anavua miwani, anaifuta kwenye tai, anasoma tena. Gemu ilikuwa inamjulisha kwamba nahodha wake Yaya, kwa sababu ya umri, ataacha mpira baada ya mechi ya mwisho.

"Nani amemupa ruhusa?" akauliza.

"Ni gemu tu, Prefe. Wote wanastaafu."

"Nimeuliza, nani amemupa ruhusa?"

Sauti haikuwa ya kukaripia. Nilijua anamfikiria nani.

Gemu ile ina kitufe kimoja cha kijani cha kuendelea. Usipokibonyeza, kesho haifiki. Mechi haichezwi, msimu hauishi, mtu hazeeki. Prefe alikitazama kile kitufe, akafunga kompyuta taratibu, akaenda nyumbani. Kesho yake akaja na tai, akapanga timu ya mechi ya mwisho, akasogeza mwalimu wa hesabu hapa, akamrudisha pale, akawasalimia majeruhi, akafunga. Keshokutwa vilevile. Yaya mbele, kitufe hakiguswi. Mwezi ukapita, mvua zikaanza, watu wakapanda mahindi, na bandani kwangu ilikuwa bado ni Mei ile ile ya gemu, Jumamosi ile ile ambayo haikuwa inafika.

Na mimi niko benchi. Mnaona ubaya wake? Msimu usipoisha, sitaingia kamwe. Nikamwambia Furaha, "Nitabonyeza mwenyewe. Sekunde moja tu. Baba yako akija asubuhi atakuta imeisha."

Furaha aliacha mguu juu ya cherehani, gurudumu likasimama. "Ukibonyeza," akasema, "usinitafute tena. Hata mi nataka tuoane. Lakini ile si gemu kwake, weye unajua. Acha abonyeze yeye."

Nikaacha. Nilikaa kwenye benchi langu, nikachaji simu za watu.

Kisa cha mwisho ninachotaka kukisimulia hakikutokea bandani. Macho ya Prefe yalikuwa yameingia ukungu, alikuwa anamsogeza ekonome kwenye ushambuliaji bila kujua, na hatukuthubutu kucheka. Wakampeleka Lilongwe, hospitali ya Likuni, kupasuliwa mtoto wa jicho. Furaha alikwenda naye. Siku ya pili akanipigia, nikasikia sauti ya mzee imempokonya simu.

"Elia. Leta ekipe."

"Ekipe gani, Prefe?"

"Niko na ekipe ngapi mimi?"

Nikafunga banda, nikaifunga kompyuta yenye timu kwenye kitenge, nikapanda kabaza hadi barabarani, na kutoka hapo minibasi hadi Lilongwe nimeikumbatia kifuani. Mama mmoja Mmalawi akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikamwambia ana misimu mitano.

Nilimkuta amekaa kitandani, jicho moja limefungwa bandeji, shati la hospitali limefungwa nyuma. Na tai. Sijui aliitoa wapi. Furaha, aliyekuwa kando anamenya chungwa, alinifanyia ishara kwa nyusi nisiulize. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameshaambiwa kuna mechi.

"Yaya amepiga simu," Prefe akasema.

Nilidhani dawa za usingizi hazijamtoka. "Yaya yupi?"

"Yaya! Yaya wangu! Amepata namba yangu kwa muntu wa kanisa. Iko muzima, Elia. Anakohoa, lakini iko muzima." Jicho lile moja lililo wazi lilikuwa linatoa machozi, na hakujisumbua kulipangusa. "Nimemwambia, Yaya, mi nimekuweka kapitene. Miaka mitano unaanza mechi yote, hakuna mutu amekutoa. Unajua amenijibu nini?"

Furaha akaanza kucheka hata kabla hajasikia, maana alishasikia.

"Amenitukana! Ati, 'Miaka mitano unanikimbiza mu uwanja na haya magoti yangu? Weye mudogo wangu uko na roho mubaya namna gani? Hapa mi niliisha kupea batoto jembe, nakaa kwa mulango naota jua. Nitoe! Nitoe nikae chini!'" Prefe akanyoosha tai. "Mukubwa amesema. Mi nitafanya nini? Fungua."

Nikaiweka kompyuta juu ya meza ya dawa. Kwa jicho lake lisilopasuliwa, lenye ukungu, hakuona zaidi ya rangi ya kijani, kwa hiyo nikawa macho yake. Alipanga timu kwa mdomo, mimi navuta. Ekonome golini. Mwalimu wa nidhamu katikati. "Yaya aanze," akasema. "Hatolewi kabla hajaonekana." Kisha akanyoosha kidole, nikakishika, nikakiweka juu ya kitufe cha kijani. Kikakaa pale. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaacha kula nsima yake, ugali wa huku. Prefe akabonyeza.

Kipindi cha kwanza, bila bila. Nilimtangazia kama redio. Dakika ya sitini akainua mkono.

"Simamisha. Mutoe Yaya. Polepole, asikimbie kutoka. Na bantu bapige makofi."

Nikawatafsiria wagonjwa kwa Kichewa kwamba mzee anapumzika, tumpigie makofi. Wodi nzima ikapiga. Muuguzi akaingia mbio kujua nani amepona. "Agogo, muli bwanji?" akamuuliza Prefe, yaani babu hujambo, na Prefe akamshukuru kwa "zikomo" yenye heshima zote, akiwa amesimama kandokando ya kitanda na mkono kifuani, hadi duara ya Yaya ilipofika nje ya mstari.

"Nimweke nani?" nikauliza.

"Unaniuliza nini? Kwenye benchi kuna nani?"

"Wapo wengi, Prefe."

"Kuna mumoja. Muweke mbele. Pale pale kwa Yaya."

Nikabonyeza jina langu. Sikumtazama Furaha, lakini nilisikia chungwa limeanguka sakafuni.

Jamani, sasa nisikilizeni. Elia aliingia uwanjani baada ya miaka minne, nami nikasahau kabisa kumtangazia mzee, na jambo la kwanza alilofanya ni kuotea. Akaotea tena. Halafu akapewa kadi ya njano kwa kumvuta mtu shati. Halafu dakika ya themanini na tisa mwalimu wa hesabu alitoroka kushoto kwa mara ya kwanza maishani mwake, akampasia Elia mpira mzuri kabisa, golikipa ameshaanguka, goli liko wazi upana wote, na Elia akaupiga ukaenda kwa watazamaji. Filimbi. Bila bila. Tumebaki daraja letu.

"Imeisha?" Prefe akauliza.

"Imeisha. Sare. Hatushuki."

"Elia amefanya nini? Nimesikia bantu banaguna."

Ningeweza kusema chochote. Bandeji ilikuwa bado usoni mwake, na wagonjwa wale hawakujua Kiswahili. Nikamwambia yote: kuotea mara mbili, kadi, na lile goli wazi.

"Goli wazi kabisa?"

"Kabisa, Prefe. Hata Yaya angefunga."

Akacheka. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, alicheka hadi muuguzi akarudi kumwonya kuhusu jicho. Akashika ukingo wa kitanda, akatulia, akavuta pumzi.

"Ungenidanganya, ningekurudisha benchi," akasema. "Ambia mujomba wako akuje Jumamosi. Na avae suti yake mwenyewe." Kisha akalala juu ya mto, akalegeza tai. "Sasa endelea, msimu mupya unatungoja. Bonyeza."

"Bonyeza wewe, Prefe."

"Prefe, Prefe. Mi niko prefe wako? Ulisoma kwangu?" Akatafuta mkono wangu kwa kupapasa, akaukuta, akauweka juu ya kompyuta. "Batu bote baniite hivyo. Weye, acha."

Furaha alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake uko begani pangu mbele ya baba yake, kwa mara ya kwanza.

"Ndiyo, Papa," nikasema, nikabonyeza.